Namna ya Kuongoza Somo la Utakatifu wa Mungu, Dhambi na Hiari ya Mwanadamu kwa Kutumia Yoshua 24

Kiongozi wa kikundi cha Biblia anayetangaza kwamba wiki ijayo watajifunza juu ya hiari ya mwanadamu hukutana na swali lilelile hata kabla ya sala ya kufungua: ikiwa Mungu alijua kwamba Adamu ataanguka, kwa nini hakumzuia? Ni swali la haki, na anayeliuliza hapaswi kukemewa wala kuambiwa kwamba anamjaribu Mungu. Lakini ni mlango mbaya wa kuingilia, kwa sababu humpandisha Mungu kizimbani kabla wasikilizaji hawajajua ni nani anayeshitakiwa, na humkalisha mwanadamu kwenye kiti cha hakimu kabla hajajichunguza. Nimeongoza somo hili mara kadhaa katika ibada za nyumba kwa nyumba, na mara mbili za kwanza niliingilia mlango huo. Jioni zote mbili ziliishia katika ubishi wa watu watatu wenye sauti kubwa, huku waliobaki wakiutazama mlango wa kutokea.

Tangu hapo nimegeuza mpangilio, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo mpya: jioni ya kwanza utakatifu wa Mungu, ya pili dhambi, ya tatu hiari. Kila jioni inahitaji saa moja na nusu hivi, na zote tatu zinatumia sura moja ya Biblia.

Kwa nini sura hiyo

Yoshua 24 inasimulia mkutano wa Shekemu, mji uliokuwa bondeni kati ya milima ya Ebali na Gerizimu, karibu na Nablus ya leo. Yoshua amekwisha kuzeeka. Anayakusanya makabila yote na kuwakumbusha walikotoka, akianzia mbali kabisa, kwa Tera baba yake Ibrahimu aliyeitumikia miungu mingine ng'ambo ya Mto, yaani Frati. Kisha anasema maneno ambayo familia nyingi za Kikristo zimeyatundika sebuleni, kwamba wachague siku hiyo watakayemtumikia, na kwamba yeye na nyumba yake watamtumikia BWANA. Huo ni mstari wa 15. Watu wanajibu vizuri sana, wanasema hawatamwacha BWANA, na hata sababu wanazitoa. Mhubiri mwingine angefunga mkutano hapo kwa shangwe. Yoshua anawajibu, mstari wa 19: "Hamwezi kumtumikia BWANA, kwa kuwa yeye ni Mungu mtakatifu."

Chagueni, kisha hamwezi. Kauli hizo mbili zimetenganishwa na mistari mitatu tu, zimetoka katika kinywa kimoja, na sababu inayotolewa ya kutoweza kwao ni utakatifu wa Mungu. Mada zetu zote tatu zimefungwa hapo kama fundo, na ubora wa fundo hilo ni kwamba haliruhusu mtu achukue uzi mmoja na kuuacha mwingine. Anayependa mstari wa 15 analazimika kuusoma wa 19, na anayependa wa 19 hawezi kuufuta wa 15.

Maandalizi ya kiongozi

Soma sura nzima katika tafsiri mbili, ile ya Union Version ya 1952 na ile ya Habari Njema, na uisome kwa sauti angalau mara moja, kwa maana majibizano ya Yoshua na watu yameandikwa ili yasikike. Kisha tenga muda wa kutosha kwa maneno ya Kiswahili yenyewe. Walimu wengi hukimbilia Kiebrania na Kigiriki wakati neno ambalo msikilizaji analitumia kila siku halijachunguzwa.

Anza na neno takatifu. Linatokana na kutakata, yaani kuwa safi, kama nguo iliyofuliwa ikatakata. Hiyo ni picha njema, lakini ina upungufu wake: msikilizaji anaweza kudhani kwamba Mungu ni mtakatifu kwa maana ya kutokuwa na doa tu, kana kwamba ni mtu mwema asiye na kosa. Neno la Kiebrania, kadoshi, hubeba pia maana ya kutengwa, ya kuwa mbali na yote mengine. Musa aliamriwa avue viatu mbele ya kijiti kinachowaka kwa sababu mahali pale palikuwa pametengwa, wala hakuna aliyefikiri kwamba udongo wa jangwani ulikuwa umefagiliwa. Mwalimu anayeshika maana zote mbili, usafi na kutengwa, hatapotea.

Neno la pili ni kosa. Katika Waamuzi 20:16 wanatajwa watu 700 wa kabila la Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, walioweza kuvurumisha jiwe kwa kombeo na kulenga unywele wasiukose. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kwa kukosa shabaha ndicho kitenzi cha kutenda dhambi. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalobeba mambo hayo mawili bila kulazimishwa: mtu hukosa shabaha, na mtu humkosea mwenzake. Lakini hapa pana mtego. Katika mazungumzo yetu kosa ni jepesi kuliko dhambi. Mtu akisema "nimekosa" anaweza kuwa amekosea njia tu. Zaburi 51 katika Union Version inaanza kwa kumwomba Mungu afute "makosa yangu", na msikilizaji husikia jambo dogo, ilhali neno la Kiebrania lililopo pale ni la uasi, la mtu aliyeinuka dhidi ya mfalme wake. Waambie watu hivyo wazi, la sivyo Daudi ataonekana kama aliyejikwaa.

Neno la tatu ni muungwana. Hilo ninalieleza chini ya jioni ya kwanza, kwa maana somo zima linalitegemea.

Jioni ya kwanza: Mungu asiyeweza

Fungua kwa Isaya 6:1–8, na mwombe msomaji asome polepole. Uliza swali moja tu: nani alimwambia Isaya kwamba ana midomo michafu? Watu watarudi kwenye maandiko yao na kutafuta, na watagundua kwamba hakuna aliyemwambia. Maserafi hawakumtazama hata kidogo. Walikuwa wakiitana wao kwa wao, "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Isaya aliusikia wimbo usiomhusu, akajijua. Acha jambo hilo likae kimya kwa dakika moja kabla ya kuendelea.

Kisha uliza swali gumu la jioni hiyo: je, Mungu anaweza kutenda dhambi? Wengine watasema anaweza, kwa kuwa anaweza yote, ila hataki. Wengine watasema hawezi. Wape Tito 1:2, inayomtaja Mungu asiyeweza kusema uongo, na 2 Timotheo 2:13, isemayo kwamba hawezi kujikana mwenyewe, na Yakobo 1:13, kwamba Mungu hawezi kujaribiwa na maovu. Biblia inasema hawezi, wazi, mara tatu. Ndipo swali la kweli linapozaliwa: ikiwa Mungu hawezi kutenda dhambi, je, ana hiari kidogo kuliko sisi tunaoweza?

Hapa ndipo lugha yetu inapomfaa mwalimu kuliko vitabu vingi. Muungwana, kwa asili, ni mtu huru, aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa; ndivyo Union Version inavyolitumia neno hilo katika Wagalatia 4, inaposema Ibrahimu alikuwa na wana wawili, mmoja wa mjakazi na mmoja wa mwungwana. Leo muungwana ni mtu mwenye adabu, mwema, anayetimiza ahadi. Neno ni lilelile. Sasa fikiri jirani anapopotelewa na kuku wake, na mtu akamtaja jirani mwingine, halafu mzee mmoja akasema, "Hapana, yule hawezi. Yule ni muungwana." Hawezi huko kuna maana gani? Mikono anayo, na banda la kuku halina kufuli. Hakuna aliyesikia sentensi hiyo akamhurumia yule jirani kwa kukosa uwezo. Kutoweza kwake ndiko heshima yake, na ndiko uhuru wake, kwa maana tamaa ya kuku haimwamrishi. Mwizi ndiye anayeamrishwa.

Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury tangu 1093 hadi kifo chake 1109, aliandika hoja hiyo kwa Kilatini: uwezo wa kutenda dhambi si sehemu ya uhuru, kwa sababu kama ungekuwa sehemu yake, Mungu na malaika watakatifu, wasioweza kutenda dhambi, wasingekuwa na hiari. Msikilizaji wa Kiswahili amekwisha kuelewa hayo kwa mfano wa kuku. Mpe jina la Anselm baadaye, kama atalitaka.

Neno muungwana lina jeraha pia, na mwalimu mwaminifu halifichi. Pwani yetu liliwatenga watu waliodai kuzaliwa huru na wale waliouzwa na kununuliwa. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa 1873, na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa mahali hapo. Katika kikundi chako anaweza kuwapo mtu ambaye ukoo wake ulinyimwa jina hilo. Sema basi kwamba Injili haimgawii mtu uungwana kwa nasaba: "Mwana akiwaweka huru, mtakuwa huru kweli kweli," Yohana 8:36.

Funga jioni kwa kurudi Shekemu. Watu walisema wangemtumikia BWANA kana kwamba ni mmoja wa miungu waliyoizoea, ambaye mtu humchagua na kumwacha kama bwana wa kibarua. Yoshua aliwazuia ili wajue kwanza uzito wa yule wanayedai kumchagua.

Jioni ya pili: dhambi na visingizio vyake

Jioni hii ndiyo ngumu kwa kiongozi, kwa sababu watu watataka kuzungumzia dhambi za watu wasiokuwapo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kikundi kimoja cha kusaidiana wakati wa misiba nilichokuwa mwanachama, mweka hazina alikula fedha za michango. Mambo yalipojulikana alisimama mbele yetu, akainamisha kichwa, akasema neno ambalo sote tulilitarajia: "Ndugu zangu, shetani alinipitia." Baadhi yetu tulianza kuitikia kwa huruma. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango aliomba apewe lile daftari la michango, lenye jalada la bluu na pembe zilizoliwa, akavaa miwani yake na kuanza kusoma tarehe, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipomaliza alilifunga akasema, "Mwanangu, hapa pana tarehe 11. Shetani alikupitia mara 11, na mara zote akakukuta umekaa palepale?" Yule ndugu akaanza kulia. Alipoweza kusema tena, alisema, "Nilichukua, mama. Mimi nilichukua." Naamini maungamo yake yalianza pale, si pale alipomtaja shetani.

Simulia kisa cha namna hiyo kutoka katika maisha yako mwenyewe, bila kutaja majina, kisha mfungue Yakobo 1:13–15. Mtume anazuia lawama isipande kwa Mungu, na anaonyesha mahali inapokaa: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi. Ibilisi yupo katika Biblia na ni mjaribu kweli; lakini hakuna mahali anapochukua mkono wa mtu na kuandika naye katika daftari.

Kisingizio cha pili kinachosikika sana siku hizi ni laana ya ukoo. Mtu hulewa kwa kuwa babu alilewa, hupiga kwa kuwa baba alipiga. Mwalimu asikidharau, kwa sababu kuna ukweli ndani yake: mazoea hurithishwa, na mtoto aliyekulia katika kipigo amejeruhiwa kweli. Mfungulie Ezekieli 18, ambako watu wa uhamishoni walikuwa na methali yao kwamba baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, na Mungu anawakataza wasiitumie tena. Kanisa Katoliki, katika katekisimu yake ya 1992, aya ya 1735, linakiri kwamba ujinga, kulazimishwa, hofu na mazoea huweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, au hata kuiondoa. Mimi ni Mlutheri, na aya hiyo naiona kuwa ya busara, hasa kwa mtu aliyefungwa na ulevi. Mzigo ukipungua haimaanishi kwamba haupo, na kujua ulikotoka humsaidia mtu kuutua.

Kisingizio cha tatu ndicho kibaya zaidi, nacho husemwa kwa unyenyekevu. Kijana amegongwa na dereva aliyekuwa amelewa, na makaburini tunasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Wanaosema hivyo wanataka kufariji, na Mungu anaijua mioyo yao. Lakini sentensi hiyo, ikisemwa mahali hapo, inamhamishia Mungu kazi ya mlevi. Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 19, linafundisha kwamba ingawa Mungu ameumba na anatunza viumbe vyote, chanzo cha dhambi ni utashi wa waovu, yaani wa Ibilisi na wa wasiomcha Mungu. Fundisha kikundi chako kusema jambo jingine msibani, hata kama ni kusema pole na kunyamaza.

Atatokea mtu wa kuuliza juu ya Isaya 45:7, ambapo Mungu anasema katika Union Version kwamba yeye hufanya suluhu "na kuhuluku ubaya", yaani kuumba ubaya. Mweleze kwamba neno la Kiebrania lililotafsiriwa ubaya lina upana, hutumika kwa uovu na kwa maafa pia, na kwamba hapo limewekwa kinyume cha suluhu, yaani amani. Mungu anajitangaza kuwa ndiye mwenye amri juu ya vita na msiba, wala hasemi kwamba yeye ndiye mwenye kuumba dhambi.

Kama muda unaruhusu, ongeza Augustino, mwana wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliyezaliwa 354. Akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba peasi katika mti wa jirani usiku. Nyumbani alikuwa na zilizo bora. Walizionja kidogo, nyingi wakawatupia nguruwe. Alipoandika maungamo yake akiwa askofu, peasi zile zilimsumbua kuliko mambo mengine tunayoyaona makubwa, kwa sababu hakupata kisingizio: hakuwa na njaa, hakuwa na haja, alipenda wizi wenyewe. Waulize wasikilizaji, kila mmoja moyoni, peasi zake ni zipi.

Neno la tahadhari. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 ulitufundisha kutembea nuruni na kuungama mbele ya ndugu, na matunda yake tunayaona hadi leo. Lakini usimlazimishe mtu kuungama hadharani, wala usiigeuze jioni hii kuwa mashindano ya machozi. Na ikiwa mtu ataungama jambo la kumdhuru mtoto, au la kumpiga mtu nyumbani, sala peke yake haitoshi. Jambo hilo lifikishwe kwa wenye mamlaka, na aliyedhurika alindwe kwanza. Kumsamehe mtu hakumpi nafasi ya kurudia.

Jioni ya tatu: hiari

Sasa kikundi kiko tayari kwa mgogoro wenyewe. Soma tena Yoshua 24:14–24, watu wawili wakigawana sauti, mmoja Yoshua na mwingine watu. Kisha uliza: amri ya kuchagua inathibitisha kwamba wana uwezo wa kuchagua?

Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni Mkatoliki, alisema ndiyo mwaka 1524. Mungu angeamuru vipi jambo lisilowezekana? Amri zote, ahadi zote na makaripio yote yangekuwa mchezo. Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya kanisa Ujerumani, alimjibu 1525 kwamba amri huonyesha linalotupasa, wala si lazima ionyeshe tunaloliweza; daktari humwambia mgonjwa ainue mkono ili mgonjwa mwenyewe aone kwamba umepooza. Mfano huo wa daktari ni wangu, lakini hoja ni yake. Kikundi kitaona kwamba Erasmus ameushika mstari wa 15 na Luther wa 19. Waache wabishane kidogo, kwa dakika zisizozidi 20, na uwe na saa mkononi.

Baada ya hapo, wape ramani fupi ya makanisa, kwa haki, hata kwa yale usiyokubaliana nayo. Wote wanamkataa Pelagius, mtawa kutoka Uingereza aliyekasirishwa Roma na sala ya Augustino isemayo, "Toa unachoamuru, kisha amuru utakacho." Pelagius aliona kwamba sala hiyo inalea uvivu, akafundisha kwamba mwanadamu anaweza kuyatimiza yote kwa nguvu aliyoumbwa nayo. Mtaguso wa Carthage wa 418, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, uliyalaani mafundisho hayo. Kutoka hapo njia zinaachana. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento ulitamka Januari 1547 kwamba hiari ilidhoofika na kuinama baada ya Adamu, lakini haikuzimika. Waorthodoksi hufundisha kwamba tumerithi kwa Adamu kifo na uharibifu, si hatia yake. Wareformati, na Wapresbiteri miongoni mwao, hufuata Sinodi ya Dort ya 1618–1619 inayofundisha kwamba Mungu humgeuza mteule kwa neema yake mwenyewe. Wamethodisti, na pamoja nao Wapentekoste wengi na Waadventista, husema neema hutangulia kumpa kila mtu uwezo wa kuitika au kukataa. Sisi Walutheri tunashika kifungu cha 18 cha Augsburg: mwanadamu ana hiari ya kiasi fulani katika mambo ya maisha haya, kama kulima shamba, kujenga nyumba, kuoa na kufuga, lakini pasipo Roho Mtakatifu hawezi kumcha Mungu wala kumwamini kwa moyo.

Kifungu hicho kina manufaa makubwa ya kufundishia, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba anayekana hiari anasema sisi ni mawe. Hapana. Ninachagua nivae shati gani, na ninawajibika nikivunja ahadi. Nisichoweza ni kuamua leo nimpende Mungu kwa moyo wangu wote, kisha nikampenda. Yeyote anayebisha na ajaribu kwa wiki moja kuacha kabisa wivu.

Mgawanyo mmoja uliotokana na mafundisho ya Augustino husaidia hata wasiojua kusoma, kwa kuwa Kiswahili kinaubeba kwa urahisi. Adamu kabla ya kuanguka aliweza kutenda dhambi na aliweza kutoitenda. Baada ya kuanguka, hatuwezi kutoitenda. Aliyezaliwa upya anaweza kutoitenda, ingawa vita havijaisha. Mbinguni hatutaweza kuitenda. Wafanye wairudie mara mbili kwa pamoja. Mtu mmoja hakika atauliza kama mbinguni basi tutakuwa tumenyang'anywa hiari, na hapo mrudishe kwenye jioni ya kwanza na jirani asiyeweza kuiba kuku. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Huko hatutalazimishwa, tutapenda.

Kuhusu Farao, waonyeshe kwamba katika Kutoka 8:15 na 8:32 ni Farao aliyeufanya mzito moyo wake mwenyewe, na katika 9:12 ndipo linaposemwa kwamba BWANA aliufanya mgumu, ingawa BWANA alikuwa amelitangaza jambo hilo kwa Musa tangu 4:21. Usifiche upande wowote kati ya hizo mbili. Kisha nenda Matendo 2:23, ambapo Petro anasema kwa pumzi moja kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na kwamba waliomwua ni watu wabaya. Petro hakuwapunguzia hatia kwa sababu ya shauri la Mungu, wala hakumwondolea Mungu shauri lake kwa sababu ya hatia yao.

Lile swali la Adamu litarudi, na sasa linastahili jibu. Epuka mfano wa mama anayejua kwamba mtoto wake ataanguka lakini hakumsukuma. Unaonyesha kweli kwamba kujua si kusababisha, lakini mama hakuiumba sakafu wala miguu ya mtoto, na msikilizaji mwerevu ataliona hilo upesi. Augustino alijibu kwamba Mungu aliona ni bora kutoa wema katika uovu kuliko kutoruhusu uovu wowote kuwapo, na Yusufu aliwaambia ndugu zake jambo la jamaa hiyo katika Mwanzo 50:20. Hilo ndilo jibu bora nililonalo, nami nimeliegemea. Lakini Yusufu alilisema mwenyewe, juu ya maumivu yake mwenyewe, baada ya miaka mingi. Usimsemee mama aliyezika mtoto juzi.

Kumalizia jioni ya tatu

Kuna neno moja katika mstari wa 19 ambalo halipaswi kuachwa likining'inia. Yoshua anasema Mungu "hatawasamehe makosa yenu, wala dhambi zenu", na mwenye dhamiri laini anaweza kurudi nyumbani na maneno hayo peke yake. Mweleze kwamba Yoshua anawaonya watu wanaotaka kufanya agano huku miungu migeni ikiwa bado kati yao, kama mstari wa 23 unavyofichua. Halafu soma 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Waonyeshe neno haki lilivyowekwa pale. Mungu hasamehi kwa kulegeza utakatifu wake; anasamehe akiwa mwenye haki, kwa sababu, kama mstari wa 7 wa sura hiyo unavyosema, ipo damu ya Yesu, Mwana wake.

Kisha ombeni maungamo ya dhambi kwa maneno ya liturujia ya kanisa lenu, wote kwa pamoja, bila haraka. Baada ya amina usifungue mjadala tena. Zima taa ya mbele, toa chai, na ukae karibu na mlango, kwa kuwa siku zote kuna mmoja anayevaa viatu polepole kuliko wengine akisubiri wenzake watoke.